Chura wa mvua hashuki na mvua

Masika yakianza katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya, vyura hujaa uani usiku mmoja, na asubuhi pale Ahero utasikia watu wakisema wameshuka na mvua. Hawakushuka. Wengi walikuwa chini ya jembe lako kiangazi chote, na udongo ulipolowa ndipo wakatoka kula mchwa na kutafuta wenza.

Wengine humwita kila chura mfukuaji "chura wa mvua", yule mviringo anayelia kwenye video za mtandaoni. Huyo ni wa jenasi ya Breviceps, na makazi yake yanaanzia Tanzania kuelekea kusini. Huku kwetu mfukuaji ni Hemisus marmoratus, na hata kufukua kwao hakufanani. Breviceps huzama kinyumenyume, miguu ya nyuma ikisukuma udongo pembeni. Hemisus hutanguliza pua: ncha ngumu iliyochongoka huchoma ardhi, kichwa kikipanda na kushuka, na mikono minene ikipangua udongo hadi mgongo upotee.

Dhana sugu kuliko zote tuliibeba kutoka darasani: kwamba chura asiye na dimbwi hazai. Dume wa Breviceps ni mdogo na mikono yake haiwezi kumkumbatia jike, basi ngozi hutoa ute unaowagandisha pamoja kama gundi, wakashuka ardhini hivyo hivyo. Mayai hukulia shimoni na vichura hutoka vikiwa kamili, bila kuwahi kuogelea kama viluwiluwi. Ukimtupa mzazi kwenye maji ya kina, anaweza kuzama. Hemisus naye hutagia shimoni karibu na bwawa. Jike hubaki na mayai, na mvua ikifurika huwachimbia viluwiluwi wake njia ya kufika majini. Mimi sijui mama wa kusifiwa zaidi kati ya vyura wetu.

Ile sauti ya mlio mwembamba inayochekesha watu mtandaoni ni ya Breviceps macrops, wa fukwe za mchanga za Namibia na Afrika Kusini. Hafurahi pale. Amejivimbisha na analia kumtisha anayemsogelea.

Kuhusu chunjua: huletwa na virusi vya binadamu, si kwa kushika chura. Na tafadhali, acheni kumwaga chumvi mlangoni kuwafukuza. Ngozi ya chura hupitisha maji, na chumvi humkausha akiwa hai. Ukimfukua shambani, mrudishe kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, uendelee kulima.