Si kila anayeitwa malaya anauza

Binti akionekana na wanaume wawili mwezi mmoja, mtaa mzima humwita kahaba. Wamekosea neno. Kahaba ni mtu anayefanya ngono kwa malipo. Bila malipo, hata akiwa na wapenzi kumi, hakuna ukahaba. Mwite mzinzi au mwasherati ukitaka, lakini hayo ni maneno ya dini na maadili, hayahusu biashara.

"Malaya" ndilo limevurugika zaidi. Siku hizi ni tusi la kila mtu, hata dereva aliyekuchomekea barabarani. Ila Nairobi ya ukoloni, kule Pumwani, malaya alikuwa mwanamke aliyepokea wateja chumbani kwake, akiwapikia na chai, tofauti na mtembezi aliyewafuata barabarani. Wengine walijenga nyumba. Dar es Salaam nao wakaleta "changudoa", jina la samaki mwenye doa jeusi ubavuni.

Na nani alisema kahaba lazima awe mwanamke? Kiswahili hakina jinsia katika neno hilo. Mwanamume anayeuza mwili ni kahaba vilevile. Mteja naye? Ajabu, hatuna tusi lake.