Mwanamichezo na Ngano: Je, Ukiacha Gluteni Utakimbia Zaidi?

Gluteni ni kitu gani?

Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika unapolisukuma. Mahindi, mchele, mtama, wimbi na muhogo havina.

Mbona wanamichezo wakubwa wanaikwepa?

Anayetajwa zaidi ni Novak Djokovic, mcheza tenisi wa Serbia. Mwaka 2010 alikuwa akiishiwa nguvu katikati ya mechi. Daktari mmoja akamshauri aache ngano, na mwaka 2011 akatwaa mataji matatu kati ya manne makubwa. Kisichosimuliwa sana ni jinsi alivyopimwa: kwa maelezo yake mwenyewe, alishikilia kipande cha mkate juu ya tumbo huku mkono wake mwingine ukisukumwa chini, waone kama umelegea. Hicho si kipimo cha hospitali. Isitoshe, alipunguza pia sukari na maziwa, kwa hiyo huwezi kujua kilichomsaidia ni kipi.

Nisipokuwa na tatizo lolote, nitapata faida?

Sioni faida ya kutafuta hapo. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 uliwachukua waendesha baiskeli 13 wa mashindano wasio na siliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni hudhuru utumbo. Walikula siku 7 chakula chenye gluteni na siku 7 kisicho nayo, bila kujua kipi ni kipi. Kasi haikubadilika, wala hali ya tumbo.

Wapo wanaopata nafuu kweli. Lakini mara nyingi wameacha maandazi, keki na biskuti kwa mkupuo. Ngano pia ina fruktani, wanga unaochachuka utumboni na kujaza gesi, hivyo huenda nafuu imetoka hapo, si kwenye gluteni.

Basi nani lazima aache?

Mwenye siliaki, kama mtu 1 kati ya 100 duniani. Akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi vizuri. Kwa mkimbiaji, dalili inaweza kuwa uchovu usioisha, kuharisha, kukonda, au upungufu wa damu unaorudi hata baada ya vidonge vya madini ya chuma. Kocha akiona hivyo hudhani ni mazoezi kuzidi.

Nenda ukapimwe damu ukiwa bado unakula ngano. Ukiacha kwanza, kingamwili zinazotafutwa hushuka, na majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao. Majibu yakiashiria siliaki, kwa kawaida daktari huchukua kinyama kidogo cha utumbo kuthibitisha.

Nikikutwa nao, nguvu za mazoezi nitazitoa wapi?

Ugali! Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanaushindia, na hauna gluteni. Ongeza uji wa wimbi, wali, viazi vitamu na ndizi.

Hatari iko kwenye vitu vidogo. Mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi si salama tena kwako. Vivyo hivyo unga uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Soseji nyingine huchanganywa na unga, sosi ya soya mara nyingi ina ngano, na bia nyingi hutokana na shayiri. Kwa mama ntilie, uliza kuhusu karai kabla ya kuuliza bei.

Na biskuti za dukani zilizoandikwa "bila gluteni"?

Zitakufaa safarini. Ila ni ghali, nyingi zina sukari tele na nyuzinyuzi kidogo. Ndizi mbivu mbili kabla ya mazoezi zinatosha.