Jarida la Utafiti wa Tiba la Kanda: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mkoa wa Tanga ni mkongwe katika utafiti wa magonjwa. Wajerumani walifungua taasisi yao ya kilimo na biolojia huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili mahali hapo pakawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Na ilipoundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979, Amani na Tanga zikapata vituo vyake. Kwa miongo mingi watoto wa Muheza na Korogwe wamechomwa vidole ili damu yao isomwe kwenye hadubini, na watu wazima wa pwani wamepimwa usiku, saa ambazo minyoo michanga ya matende na mabusha huonekana kwenye damu. Hata hivyo, inapofika zamu ya kuyazungumzia majarida yanayopaswa kubeba matokeo ya kazi hiyo, hata wasomi wenyewe hurudia mambo ambayo hayana msingi. Nitayataja yale yanayoyaumiza zaidi majarida ya kanda yetu.

“Kazi nzuri hupelekwa Ulaya na Marekani, jarida la kanda hubakiwa na makapi.”

Nusu ya kauli hii inaeleweka. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000, na matokeo yake ya mwisho yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2015. Ilikuwa sawa yachapishwe huko, kwa sababu swali lilikuwa la bara zima, na Shirika la Afya Duniani lilihitaji jibu hilo kabla ya kuipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Lakini mganga mkuu wa wilaya ya Handeni ana maswali mengine: wajawazito wa vijiji vya mbali wanachelewa wapi kabla ya kufika kituoni, na vipimo vya haraka vya malaria vinahifadhiwaje katika zahanati isiyo na umeme. Jarida kubwa likikataa andiko la namna hiyo, mara nyingi si kwa sababu ya ubovu wake bali kwa sababu wasomaji wake wako kwingine. Jarida la kanda lipo kwa ajili ya msomaji huyu wa Handeni, na si jambo jipya: East African Medical Journal ilianza mwaka 1923 kwa jina la Kenya Medical Journal, na NIMR yenyewe inachapisha jarida ambalo tangu mwaka 2008 linaitwa Tanzania Journal of Health Research.

Makapi huja pale mhariri anapoisahau kazi hiyo na kuanza kuyafukuzia maandiko yanayofanana na ya majarida makubwa. Ya namna hiyo humfikia baada ya kukataliwa na wengine watatu.

“Jarida lisilo na kipimo cha athari halina thamani.”

Kipimo hiki, ambacho wengi hukiita tu ‘impact factor’, ni hesabu nyepesi kuliko sifa zake. Kwa mwaka 2024, huchukuliwa idadi ya mara ambazo makala za mwaka 2022 na 2023 zimenukuliwa ndani ya mwaka huo, kisha hugawanywa kwa idadi ya makala zenyewe. Jarida lililochapisha makala 40 katika miaka hiyo miwili na likanukuliwa mara 60 litapata 1.5. Wastani huo unaweza kubebwa na makala moja iliyonukuliwa mara 30, huku nyingine nyingi zikiwa hazijanukuliwa na yeyote. Isitoshe, kipimo hicho hutolewa kwa majarida yaliyomo katika hifadhidata ya Web of Science pekee. Jarida ambalo halimo halina sifuri, halijahesabiwa tu. Mtaalamu wa taarifa za kisayansi Eugene Garfield na wenzake walikianzisha ili kuwasaidia wakutubi na waandaaji wa faharasa kuchagua majarida, wala hawakukusudia kiamue nani apandishwe cheo. Azimio lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012 liliwataka waajiri na wafadhili waache kumpima mtafiti kwa namba ya jarida alilochapisha, ingawa kamati nyingi za vyuo vyetu bado zinaendelea kuhesabu hivyo.

Mhariri mchanga ajue pia kwamba wapo wafanyabiashara wanaouza vipimo vya kubuni vyenye majina yanayokaribiana na kile cha kweli. Jarida likishaiweka namba ya kununua kwenye jalada lake, wasomaji makini hulikwepa.

“Makala ikihakikiwa na wataalamu, basi ni kweli.”

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mhakiki husoma kile alichopewa. Anaweza kuona kwamba sampuli ni ndogo, kwamba takwimu zimechambuliwa kwa njia isiyofaa au kwamba hitimisho limeruka mbali kuliko matokeo. Hawezi kuona daftari la hospitali ambalo halikuambatanishwa. Mwezi Mei 2020 The Lancet, jarida lenye kila nyenzo, lilichapisha makala kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19, iliyotegemea takwimu za kampuni ya Surgisphere. Wiki mbili baadaye ilibatilishwa, kwa sababu takwimu hizo hazikuweza kuthibitishwa. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji ilikaa miaka 12 kabla ya jarida hilo hilo kuibatilisha. Kwa hiyo jarida linalobatilisha makala hadharani, kwa tangazo lenye sababu, linafanya kazi yake. La kutilia shaka ni lile linaloifuta makala kimyakimya kwenye tovuti.

Katika kanda kama yetu kuna tatizo ambalo miongozo ya kimataifa hailigusi sana. Inashauriwa kuficha majina ya waandishi ili mhakiki asipendelee. Ushauri ni mzuri, lakini andiko likisema kwamba wagonjwa walitoka katika hospitali ya rufaa ya mkoa ulioko kaskazini mashariki mwa Tanzania, kila mtu wa fani anajua ni Bombo ya Tanga, na pengine anajua hata ni nani aliyekuwa zamu. Mhakiki aliye jirani huenda ndiye aliyemsimamia mwandishi shahada yake, au ndiye anayeshindana naye kwa ruzuku ile ile. Dawa yake si kuficha zaidi. Mhariri amtake kila mhakiki atangaze kwa maandishi uhusiano wake na kazi hiyo, na walau mhakiki mmoja atafutwe nje ya nchi, awe Kisumu, Blantyre au Maputo, mahali penye magonjwa yale yale na watu wengine.

Kuna tena dhana kwamba mhakiki lazima awe profesa. Maprofesa wana shughuli nyingi na barua zao hukaa miezi. Mara nyingi mtafiti aliyemaliza shahada ya uzamivu juzi husoma andiko mstari kwa mstari, tena hurudisha kwa wakati. Anachohitaji ni kuelekezwa, na nyenzo za kumwelekeza zinapatikana bure: orodha ya CONSORT kwa majaribio ya tiba na ya STROBE kwa tafiti za uchunguzi zinaonyesha kipi hakipaswi kukosekana. Mhariri akimpelekea mhakiki wake nakala ya maoni ya mhakiki wa pili, bila jina, atakuwa amemfundisha kwa gharama ya barua pepe moja.

“Tumepata ISSN, tumeingia PubMed, tumefika.”

ISSN ni namba ya utambulisho yenye tarakimu nane; hupewa chapisho lolote la mfululizo, hata gazeti la michezo, na haisemi neno kuhusu ubora. PubMed ni mtambo wa kutafutia makala. Ndani yake yamo majarida yaliyochaguliwa na kamati kwa ajili ya MEDLINE, hifadhidata teule ya majarida ya tiba, na zimo pia makala zilizoingia kwa njia nyingine, kwa hiyo kuonekana humo si cheti. Wanaochagua majarida huangalia mambo ya kuchosha: kama toleo lililoahidiwa Machi lilitoka Machi, kama kila utafiti unaohusisha binadamu umetaja kibali cha maadili na kama wahariri ni watu wanaojulikana. Jarida lenye matoleo mawili kwa mwaka yasiyochelewa lina nafasi nzuri kuliko linaloahidi sita na kutoa matatu.

“Jarida linalotoza ada ni la kitapeli.”

Majarida mengi ya kuaminika hutoza ada ili msomaji asome bure, na mengine huisamehe kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Tapeli hujulikana kwa mengine: anaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, anataja wajumbe wa bodi ambao hawajui kama wametajwa, na ada anaitaja baada ya kukubali andiko. Upande wa pili, jarida lisilotoza haliendeshwi kwa hewa. Programu ya kupokea maandiko kama OJS ni ya bure, na African Journals Online imekuwa ikiyapa majarida ya bara hili mahali pa kuonekana tangu 1998. Lakini namba za kudumu za makala, mpangilio wa kurasa, msahihishaji lugha na hifadhi ya kumbukumbu vinahitaji fungu kwenye bajeti ya taasisi kila mwaka. Jarida linaloishi kwa hisani ya mhariri mmoja husimama siku anapohamishwa.

“Kiswahili hakina nafasi katika jarida la tiba.”

Faharasa za kimataifa hutaka kichwa na ikisiri kwa Kiingereza. Hazikatazi ikisiri ya pili kwa lugha nyingine chini yake. Pingamizi linalosikika sana ni kwamba waandishi hawana muda wala maneno ya kuiandika. Lakini hakuna utafiti uliofanyika vijijini Muheza bila fomu ya ridhaa ya Kiswahili, na fomu hiyo tayari inaeleza ugonjwa unaochunguzwa, kitakachofanyika, na hatari na faida zake, kwa maneno ambayo kamati ya maadili imeyakubali. Mwandishi aitoe kwenye faili, aongeze aya moja ya matokeo, naye mhariri aipitie kabla ya kuituma pamoja na toleo kwa zahanati zilizoshiriki.