Leptini ni nini, na kwanini njaa sio swala la kuamua tu

Utasikia mtu anamwangalia mwenzake mnene anasema "si apunguze kula tu jamani", kama vile njaa ni tabia mbaya, kama umbea hivi, ukiamua kuacha unaacha. Ukweli ni kwamba njaa ina mtambo wake kichwani, na huo mtambo haukai unabahatisha, unaletewa taarifa kutoka kwenye mafuta ya mwili kila saa. Anayeleta hiyo taarifa ndo leptini.

Leptini ni homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu, na ni protini. Inatengenezwa na seli za mafuta, inaingia kwenye damu, inapanda mpaka kwenye ubongo sehemu inayoitwa haipothalamasi, iko huku chini kabisa, juu kidogo ya tezi ya pituitari. Mafuta yakiongezeka leptini kwenye damu inaongezeka, yakipungua na yenyewe inashuka, kwahiyo ubongo unajua akiba imebaki kiasi gani bila kuuliza tumbo. Zamani wataalam walikua wanayachukulia mafuta ni mzigo tu uliokaa pale unasubiri kutumika, kumbe yanatoa homoni na yanaongea na ubongo muda wote.

Jinsi walivyoigundua sasa, hapo ndo patamu. Mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, kulizaliwa panya wanene kupita maelezo, uzito wao unafika mara tatu ya panya wa kawaida, na hawashibi. Wakapewa jina la ob, kifupi cha obese, yaani mnene. Baadae hapo hapo wakapatikana wengine wanene hivo hivo ila na kisukari kikali juu, hao wakaitwa db, kutoka diabetes, yaani kisukari. Ukiwaangalia kwa macho wote ni mabonge tu, kutwa wako kwenye chakula. Mwanabiokemia mmoja Mkanada, Douglas Coleman, aliyekua anafanya kazi hapo, akataka kujua tatizo lao ni moja au mawili tofauti, akafanya kitu ambacho ukikifikiria sana kinatisha kidogo: aliwashona panya wawili wawili ubavu kwa ubavu, mpaka mishipa midogo ikaungana na damu ya huyu ikawa inavuka kidogo kidogo kwenda kwa yule.

Akamshona db na panya wa kawaida. Yule wa kawaida akaacha kula, akakonda mpaka akafa na njaa, na chakula kiko mbele yake, huku db pembeni anaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Akamshona db na ob, ob naye akaacha kula akafa. Akamshona ob na wa kawaida, safari hii hakufa mtu, ila ob akapunguza kula.

Kutokana na hapo Coleman akapiga hesabu zake. Kwenye damu ya db kuna kitu kinachokata hamu ya kula, na kipo kingi sana, ila db mwenyewe hakisikii. Ob hana hicho kitu kabisa, lakini akiletewa anakisikia vizuri. Yaani mmoja kakosa ujumbe, mwingine kakosa sikio la kuusikilizia. Hii ni miaka ya 60 mwishoni kuingia 70, hakuwa na jina la hicho kitu wala hakuwahi kukiona, na wenzake wengi walimkatalia kwasababu kwao unene ulikua mambo ya nidhamu, sio ya damu. Binafsi naona hii ni moja ya kazi safi kabisa za maabara, maana alikua na damu na panya tu, na jibu alilotoa halijabadilika mpaka leo.

Kitu chenyewe kikapatikana 1994. Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alikaa na timu yake kama miaka 8 wanatafuta jeni iliyoharibika kwenye panya ob, na enzi hizo hakuna mambo ya kufungua kompyuta ukakuta jenomu nzima, yaani jeni zote za panya, imeshasomwa, walikua wanapapasa kipande kwa kipande. Wakaikuta, herufi moja ya jeni imebadilika, protini inayotengenezwa nayo inakatikia njiani. Mwaka uliofuata wakatengeneza leptini na kuwachoma wale ob, ndani ya wiki mbili wakapungua karibu asilimia 30 ya uzito. Wakawachoma db sindano hiyo hiyo, hola, hakuna kilichobadilika. Coleman kumbe alikua sawa toka mwanzo, na mwaka 2010 yeye na Friedman wakapewa pamoja tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani.

Sasa ikifika kichwani inafanyaje kazi? Ndani ya haipothalamasi kuna kakundi ka seli kanaitwa arkuati, na humo kuna aina mbili za niuroni, yaani seli za neva, zinazovutana. Za kwanza zinaitwa AgRP, hizi zikiwaka unasikia njaa. Za pili ni POMC, hizi zinakata hamu ya kula. Leptini ikija inazituliza AgRP na kuziamsha POMC. Nguvu ya hizi AgRP sio ya kitoto. Mwaka 2011 watafiti waliwawekea panya protini inayofanya hizo niuroni ziwake kwa mwanga, wakapitisha waya mwembamba wa mwanga mpaka kwenye ubongo. Panya ameshiba, ni mchana, muda ambao panya hana habari na chakula, unawasha mwanga na ndani ya dakika chache anakula kwa kasi ya panya aliyeshindishwa njaa. Unazima, anaacha. Hapo hajaamua chochote. Alafu 2015 ikaonekana kitu kingine, kwamba AgRP za panya mwenye njaa zinaanza kutulia pale tu anapokiona chakula na kukinusa, kabla hata hajaweka kitu mdomoni, maana yake ubongo unakadiria mapema kinachokuja.

Basi baada ya ule ugunduzi kila mtu akajua dawa ya unene imepatikana. Kampuni ya dawa ya Amgen ikailipa Rockefeller dola milioni 20 kupata haki za leptini. Wakaja kuijaribu kwa watu wanene, matokeo yakatoka 1999, na yalikua ya kukatisha tamaa, wengi walipungua kidogo tu au hawakupungua. Sababu ni kwamba watu wengi wanene hawajakosa leptini, wanayo nyingi tena kuliko wembamba, maana wana mafuta mengi. Ubongo wao ndo umeacha kuiitikia vizuri, hali hiyo inaitwa usugu wa leptini, na ukiongeza nyingine juu yake hausaidii sana.

Na hapa ndo watu wengi wanapoielewa vibaya, wanaiita "homoni ya kushiba" au "homoni ya kukonda". Mi naona ifikirie zaidi kama mita ya luku. Yuniti zikikaribia kuisha inapiga kelele mpaka unakosa amani, ila ukiwa na yuniti 50 au 500 iko kimya vile vile, haikupigii makofi. Leptini ikishuka ndo ubongo unashtuka: njaa inapanda, mwili unapunguza matumizi ya nishati, homoni za tezi dundumio, ile ya shingoni, zinashuka, hata uzazi unasimamishwa. Ndo maana wanawake wanaofanya mazoezi mazito na kula kidogo, kama wakimbiaji wa mbio ndefu, wanaweza kukosa hedhi kabisa, na kuna utafiti wa 2004 ambapo baadhi yao walipochomwa leptini hedhi ilirudi bila kuongeza uzito. Ndo maana pia mtu anafunga daieti, anapungua kilo 10, alafu anashangaa njaa imekua kali kuliko alivyokua mnene. Leptini imeshuka, ubongo unaona ukame umeingia, haujui kama unajiandaa na harusi.

Wapo wachache lakini ambao kwao leptini ni dawa kweli kweli. Mwaka 1997 timu ya Cambridge, Uingereza, ilieleza habari za watoto wawili mabinamu waliozaliwa bila leptini, kama wale ob kabisa. Binti alipoanza matibabu alikua na miaka 9 na kilo 94, mtoto wa miaka 9 jamani, ambaye toka mdogo alikua analilia chakula muda wote. Akawa anachomwa sindano kila siku, ndani ya mwaka akapungua kilo 16, na hamu ya kula ikashuka akaanza kula kama watoto wengine. Mzazi wa mtoto kama huyo ameambiwa mara ngapi kwamba hajui kulea?

Usiichanganye na grelini, hiyo ni homoni ya kuleta njaa, inatoka tumboni, Wajapani waliigundua 1999, na inapanda karibu na muda uliozoea kula, ndo ile siku za kwanza za Ramadhani saa saba mchana tumbo linadai ugali wake alafu baadae linatulia lenyewe. Wala usiichanganye na hizi sindano za siku hizi za semaglutaidi, hizo zinaiga homoni ya utumbo inayoitwa GLP-1, ni njia nyingine.

Na wale wanaouza vidonge mtandaoni vimeandikwa leptini kwenye chupa: ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya yai, haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Ile ya hospitali ni ya sindano, Marekani iliidhinishwa 2014, na walioidhinishiwa sio wanene, ni watu ambao mwili wao hauna mafuta karibu kabisa, kwahiyo hawana leptini, wana njaa kutwa na kisukari juu.