Mwalimu tarajali wa shule ya msingi ni nani hasa?

Mafunzo tarajali ni mafunzo anayopewa mtu kabla hajakabidhiwa darasa lake. Mafunzo kazini ni yale anayopewa mwalimu ambaye tayari ana darasa. Maana yenyewe haizidi hapo, na sidhani kuna anayeikataa. Shida huanza pale maneno haya yanapoingia redioni na kwenye warsha za elimu hapa Uganda, ambako kila anayesomea ualimu huitwa tarajali, na kila mwenye digrii ya elimu hudhaniwa anaweza kufundisha P.1, yaani darasa la kwanza la msingi.

Chanzo cha mkorogo kinaeleweka. Kwa miaka mingi mwalimu wa msingi alipatikana kwa njia moja: unamaliza S.4 (mwaka wa nne wa sekondari), unaingia chuo cha ualimu, yaani PTC, unakaa miaka miwili, unatoka na cheti cha Gredi III. Ndipo ikaja Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019, ikasema kila mwalimu awe na digrii, hata wa chekechea. Vyuo vya taifa vya Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama, ambavyo vilikuwa vikitoa stashahada za ualimu wa sekondari, vikawekwa chini ya taasisi mpya ya taifa ya mafunzo ya walimu, UNITE. Tangu hapo watu wanatangaza kwamba "sasa walimu wa msingi watasoma chuo kikuu," kana kwamba hawakuwahi kukanyaga huko. Walimu wa msingi wamesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo miaka na miaka. Ila wengi walikwenda wakiwa walimu tayari, wakati wa likizo, wakiwa wameacha madaftari ya watoto nyumbani.

Hapo ndipo tofauti ilipo, nayo si ya umri wala ya ada. Mwalimu aliye kazini huja chuoni na darasa lake kichwani. Mhadhiri akizungumzia watoto mia moja mbele ya mwalimu mmoja, yeye huwaona kwa sura; anajua nani hukaa nyuma na nani huja bila kula. Hali hiyo ameiishi, maana tangu elimu ya msingi kwa wote ianze 1997, na idadi ya wanafunzi kuruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, madarasa ya aina hiyo si hadithi. Kijana aliyetoka S.6 hana picha hiyo. Anachokumbuka ni jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa, na kumbukumbu iliyo mbichi zaidi ni ya sekondari. Kwa hiyo mafunzo yake lazima yampe darasa: maandalio ya somo yanayosahihishwa, mazoezi ya kufundisha chini ya msimamizi, na muda wa kutazama tu mtoto anavyohangaika na herufi. PTC nyingi zilikuwa na shule ya mazoezi jirani. Mwanachuo alivuka uwanja akafika. Chuo kikuu kinachoanza leo kisipokuwa na mpango kama huo, kinatoa digrii yenye nadharia tupu.

Mkanganyiko wa pili ndio unaonikera zaidi. Digrii ya elimu ambayo wengi wetu tunaijua ni ya masomo mawili ya kufundishia: historia na jiografia, au Kiswahili na dini. Imetengenezwa kwa ajili ya sekondari. Mwalimu wa madarasa ya chini hana masomo mawili. Ana siku nzima. Mtaala wa madarasa hayo ulioanza 2007 hupangwa kwa mada, na P.1 hadi P.3 hufundishwa kwa lugha ya eneo pale inapowezekana, P.4 ukawa mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Maana yake ni kwamba mtu huyu anapaswa kujua namna ya kumtoa mtoto kwenye sauti hadi silabi, kutoka silabi hadi neno, kwa Kiganda, Kiteso au Kiacholi. Ukimchukua kijana Mwacholi wa Gulu akasomea Kampala, utamwandaa kufundisha kusoma kwa lugha gani? Swali hilo halimhusu mwanafunzi wa digrii ya fizikia, lakini kwa mwalimu tarajali wa msingi ni nusu ya mafunzo.

Nasi wa Kiswahili hatujaokoka. Baraza la Mawaziri lilipoamua 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, jibu la haraka lilikuwa: wahitimu wa Kiswahili tunao, wapelekwe. Mhitimu huyo atakuchambulia ngeli na tenzi vizuri sana (na hapo sina ugomvi naye). Lakini mtoto wa Soroti, ambaye Kiswahili alichowahi kukisikia ni cha askari barabarani, hahitaji ngeli kwanza. Anahitaji salamu, wimbo, kadi za picha, na mwalimu anayejua kwamba hii ni lugha yake ya tatu na kwamba hata ya pili bado inamshinda. Ujuzi huo una wataalamu wake na una muda wake wa kuufundisha. Fasihi simulizi ya mwaka wa tatu haiuzai.

Basi mhitimu wa sekondari akipelekwa shule ya msingi, tuseme wazi kwamba amehamishiwa kazi ambayo hakuandaliwa, halafu tumpangie mafunzo yake. Na mwalimu wa Gredi III mnayemkuta chuoni wakati wa likizo, tafadhali, msimwite tarajali. Mwiteni mwalimu aliye masomoni.