Ubao uliotoka kaburini umelowa usianikwe

Ubao uliokaa kinamasini miaka elfu tatu unaweza kuonekana mzima kabisa: alama za shoka zinasomeka, vifundo viko mahali pake. Uchome taratibu kwa sindano nyembamba. Ikizama sentimita mbili bila kukwama, unachokiona ni maji yaliyovaa umbo la ubao.

Pasipo na oksijeni, kama kinamasini, kuvu na wadudu walao mbao hawaishi. Hubaki bakteria wanaokula polepole selulosi (nyuzi zinazoipa mbao nguvu) ya kuta za seli na kuacha lignini (kitu kigumu kinachoshikanisha nyuzi hizo), ambayo ni gofu tu. Maji hujaza nafasi ile na kuliegemeza gofu lisianguke. Ukiuanika ubao, maji yanapojitoa kwenye vijitundu huvuta kuta hizo dhaifu zikagongana na kushikana. Ubao husinyaa, hujikunja na kupasuka, na kuuloweka upya hakurudishi kitu.

Kabla ya kuamua lolote, pima. Kata kipande kidogo pasipo na alama za mchonga mbao, kipime kikiwa kimelowa, kikaushe kwenye tanuri kwa nyuzi joto 105, kisha kipime tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kipande kilipolowa, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 12 kinachobaki gramu 2 kimebeba maji asilimia 500. Ikizidi 400, ubao umeliwa vibaya. Chini ya 185, kiini bado kigumu. Ubao mmoja huweza kuwa na hali zote mbili, ganda laini na moyo mgumu, na huo ndio unaosumbua kuliko wote.

Nguo zina kanuni nyingine, na hapa watu wengi hupotoka. Kitani na pamba ni selulosi: asidi huzimaliza. Sufu, hariri, nywele na kucha ni protini: huvumilia asidi, zikadhurika kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Angalia Egtved, Denmark. Mwaka 1921 lilifunguliwa jeneza la mwaloni la msichana aliyezikwa kiangazi cha mwaka 1370 KK. Blauzi yake ya sufu na sketi yake ya kamba za sufu zimesalia, pamoja na nywele na kucha, lakini mifupa imeyeyuka. Kwenye kidimbwi cha Windover, Florida, kilichogunduliwa mwaka 1982, mambo ni kinyume. Maji yake hayakuwa na asidi kali, hivyo mifupa ya watu 168 na nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mimea zimedumu zaidi ya miaka 7,000. Kwa hiyo ukikuta vazi la sufu lenye mstari wa matundu ya sindano yasiyo na uzi, usiandike kwamba halikushonwa. Huenda uzi ulikuwa wa kitani, asidi ikaula.

Shimoni, tumia kijiti cha mianzi au plastiki, kamwe si mwiko wa chuma. Nguo usiibandue: ikate pamoja na bonge lake la udongo, ingiza ubao mwembamba chini yake, funika kwa plastiki, nyunyizia maji. Hifadhi gizani kwenye nyuzi 4. Usiitie kwenye friza ya kawaida, kwani maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kupasua seli. Lebo iandikwe kwa penseli, wino hufutika.

Maabara, laza nguo kati ya nyavu mbili kwenye sinia la maji yaliyosafishwa, uisafishe kwa brashi laini kufuata uelekeo wa uzi. Maji machafu usiyamwage, yachuje: humo mna mbegu na vipande vya nyuzi. Hesabu mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kukingama) kwa kila sentimita, na utazame uzi umesokotwa upande gani. Mikunjo ipigwe picha kabla ya kukunjuliwa, maana ndiyo inayoonyesha vazi lilivyovaliwa.

Mbao hulowekwa kwenye polietilini glikoli, nta inayoyeyuka majini. Molekuli ndogo (zenye uzito wa molekuli 200 au 400) hupenya moyo mgumu, kubwa (2000 hadi 4000) hushikilia sehemu zilizooza. Ongeza kiwango kidogo kidogo. Ukiharakisha, maji hutoka seli kabla nta haijaingia, na seli huporomoka humohumo ndani ya tangi. Sampuli za kupima umri kwa kaboni zitolewe kabla, kwa sababu nta hiyo hutokana na mafuta ya petroli na hukuza umri. Baadaye ubao hugandishwa na kuwekwa kwenye ombwe (chombo kilichoondolewa hewa), barafu igeuke mvuke bila kupitia umajimaji. Vasa, meli ya kivita ya Sweden iliyozama karne ya 17, kwa kuwa ni kubwa mno, ilinyunyiziwa nta hiyo tangu 1962 hadi 1979.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la Oseberg, Norway, kwenye kaburi la meli la Waviking. Vyombo vingi vya mbao vya kaburi lile lililochimbwa mwaka 1904 vilichemshwa kwenye maji ya shabu, njia iliyoaminiwa wakati ule. Shabu ilizaa asidi ya salfa, na chini ya ganda la nje mbao zimegeuka karibu unga. Kuiosha asidi kunahitaji maji, na maji huyeyusha shabu ileile inayovizuia vyombo hivyo visisambaratike.