Kundi la Kusoma si Kurudishwa Darasa

Lalamiko linalofika kwa wathibiti ubora wa shule ni lile lile: mtoto yuko darasa la tano, kwa nini akae kundi moja na wa la tatu? Hajarudishwa darasa. Kwa muda wa saa moja kila siku watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma, yaani silabi, maneno, aya au hadithi, si kwa darasa. Jina lake limebaki kwenye daftari la mahudhurio la darasa la tano na mitihani yake ni ya darasa la tano. Anahama kwa saa hiyo tu, kisha anarudi kwenye dawati lake. Na neno "kundi la wajinga" likome, nyumbani na kwenye ofisi ya walimu.

Utaratibu huu ulikuzwa India na shirika la Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1995, na umepimwa kwa utafiti mara nyingi. Shule nyingi huchukua vitini vyake na kuiacha saa hiyo ya kila siku. Huko Uttarakhand, jimbo la India, walimu wa serikali walipewa vifaa na mafunzo, lakini usomaji haukupanda, kwani mwalimu alirudi darasani akakuta mtaala unamsubiri aumalize. Jimbo jingine, Haryana, lilitenga saa maalumu kila siku, wasimamizi wakapita shuleni kuhakikisha inatumika, na usomaji ukapanda. Mwalimu mkuu anayekubali saa hiyo iliwe na usafi au mazoezi ya mtihani asitarajie matokeo ya Haryana.

Upimaji hufanywa kwa mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake. Anza na aya fupi. Akikosea si zaidi ya mara tatu, tena akasoma kwa mtiririko, mpe hadithi. Akishindwa aya, mpe maneno matano, asome manne sawasawa. Asipofikisha, nenda kwenye silabi. Usimsahihishe wala kumdokezea. Anayesoma "ba-ba a-na-li-ma sha-mba" hata bila kosa hajafika kundi la aya. Karatasi moja ikizunguka shule nzima, watoto wa mwisho huwa wameikariri. Andaa zaidi ya moja.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumpa mwalimu hodari kundi la hadithi na kuwaachia wanaojitolea watoto wa silabi. Hao wa silabi ndio wanaomhitaji. Mtoto akivuka kiwango, ahamishwe mara moja, asisubiri mwisho wa muhula.

Saa hii imo ndani ya ratiba ya shule, hivyo mzazi hadaiwi fedha. Akidaiwa, aandike jina la shule, tarehe, kiasi na aliyedai, apeleke kwa mwalimu mkuu. Asiporidhika, aende kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu wa halmashauri, kila mara akibaki na nakala. Barua isiyo na tarehe wala kiasi ni vigumu kufuatiliwa. Nidhamu ya walimu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na adhabu huanzia onyo na karipio hadi kufukuzwa kazi.

Mzazi anayetaka kujua kiwango cha mwanawe aombe kuoneshwa matokeo yake ya kwanza na ya karibuni. Ni haki yake kuyaona. Ya watoto wengine hataoneshwa.